Picha Namba Sitini na Tatu

Kambi ya Kilomita 212, Barabara ya Ituri
9 Januari 1955

Mama Clothilde,

Tumefika. Amuri aliendesha kamio siku mbili, maana daraja moja lilikuwa limeondoka na mvua, tukalazimika kukata miti na kulitengeneza wenyewe. Kambi ni vibanda saba na turubai la Monsieur Delcourt. Yeye mwenyewe hakai sana. Anakuja mwisho wa mwezi, anakaa siku tatu, anarudi kwenye vitabu vyake.

Uliniuliza kazi yenyewe ni nini. Ni hii. Tuna mashine kumi na mbili za picha. Mashine inafungwa kwenye mti, uzi mwembamba unavutwa kukata njia ya wanyama. Mnyama akipita anagusa uzi, ampuli, taa yake, inawaka, picha inapigwa bila mtu kuwa karibu. Mimi nachagua njia, nafunga nyuzi, na picha zikirudi kutoka mjini naandika nyuma ya kila moja jina la mnyama. Monsieur anawajua wanyama wa vitabuni, waliosimama wima mchana. Hawa wa kwetu wanaonekana mkia tu, au bega tu, na hapo ananihitaji mimi niliyelelewa na mjomba, tonton Kasongo, huku msituni nikifuata nyayo tangu meno ya utoto.

Akiridhika, mwezi wa saba atanipa barua ya kazi njema. Nikiwa na hiyo barua tutapata nyumba Mangobo, mbali na mto.

Sasa nina ombi. Filamu zinasafishwa na Benoît pale kwenye duka la picha. Atakupa wewe bahasha, wewe utampa Amuri. Kabla ya kumpa, fungua, tazama kila picha, uniandikie namba yake na unachokiona. Nami nitakujibu jina la mnyama. Itakuwa kama tunakaa pamoja jioni tukizungumza. Andika kwa herufi kubwa, maana unyevu wa huku unakula wino.

Mbusu Clothilde. Msalimie Papa.

Anselme


Stanleyville, kwa Wagenia
23 Januari 1955

Papa Clothilde,

Nilidhani umenichoka, kumbe unanifanya mwanafunzi. Bon. Nimekaa mlangoni na bahasha yako mapajani, Clothilde ananisukuma bega ili naye aone.

Namba 1: Kitu kidogo kama mwanambuzi, mgongo umepinda, miguu kama vijiti. Kimeshtuka.

Namba 2: Hakuna kitu. Majani tu.

Namba 3: Mkia. Mkia peke yake, mwenyewe amekwisha kupita. Una pete nyeusi na nyeupe, nimehesabu tisa.

Namba 4: Nisamehe, lakini ni matako. Makubwa, yana michirizi myeupe inayoshuka mpaka miguuni, kana kwamba mtu amempaka chokaa kwa vidole. Clothilde amecheka mpaka amekaa chini.

Namba 5: Paka. Sijui paka gani. Ananitazama mimi kabisa, macho yanawaka.

Papa Basile alikuwa amekaa karibu akisuka kikapu cha samaki. Bado anasuka, mikono inajua njia yake. Aliniomba picha ya paka, akaipapasa, akainusa, akasema, "Iko laini tu. Nyama yote iko sawasawa mu hii karatasi." Kisha akauliza, "Na ule mutoto yangu, macho yake iko muzima?" Nikamwambia ni mazima, ndiyo yanayomlisha. Akaendelea kusuka.

Inzi wadogo weusi ni wengi mwezi huu. Miguu ya Clothilde imejaa mikwaruzo. Namfunika kanga anapokwenda mtoni lakini anaivua akifika.

Nijibu haraka. Nataka kujua matako ni ya nani.

Pélagie


Kilomita 212
6 Februari 1955

Mama Clothilde,

Matako ni ya okapi. Namba 1 ni mboloko, paa mdogo wa msituni. Namba 3 ni kanu. Namba 2 ni tawi lililoangukia uzi.

Namba 5 umenionea. "Paka" haitoshi. Nifundishe macho yako kidogo. Huku msituni paka wawili ndio wanaochanganywa, chui na yule tunayemwita paka mwekundu. Ampuli ikiwa karibu mno inafuta madoa ya ubavuni, basi usitazame ubavu peke yake. Tazama mkia: wa chui ni mrefu, unashuka karibu na ardhi kisha unapinda juu, wa paka mwekundu ni mfupi. Tazama nyuma ya masikio: ya paka mwekundu ni meusi tii, chui ana alama nyeupe. Tazama kichwa: cha paka mwekundu ni kidogo, cha mviringo. Madoa yake yako tumboni na ndani ya miguu, si mgongoni. Mara nyingine huyo mwekundu anazaliwa wa kijivu, na Monsieur hataki kuamini kwamba ni mnyama mmoja. Kwa ajili yake hasa ndiyo tumekuja.

Kwa hiyo kila ukiona paka, niandikie hayo manne: madoa, kichwa, masikio, mkia. Usiache hata moja.

Nimepata rafiki hapa, Faustin, mkata njia. Ni mtu wa maneno machache na panga kali. Mkewe Adèle anatupikia. Alisoma kwa masista kama wewe. Ananikumbusha wewe anapomgombeza mtu.

Herufi zako zifanye kubwa zaidi.

Anselme


Stanleyville
20 Februari 1955

Papa Clothilde,

Picha kwanza, kisha neno langu.

Namba 27: Nguruwe wa msitu, watatu, wa mwisho mdogo. Namba 28: Ndege mkubwa, mabawa wazi. Namba 29: Paka. Madoa yako tumboni tu, mgongoni hakuna. Kichwa kidogo cha mviringo. Masikio nyuma meusi tii. Mkia mfupi. Nadhani huyu ni paka wako mwekundu, na nimefurahi kana kwamba nimemkamata mimi. Namba 30: Mwanadamu. Ni miguu ya mwanadamu, ameshika mti kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika mkanda wa kiunoni wa mtu aliye mbele yake.

Huyo ni wewe. Najua kovu la kifundo chako.

Nilimuuliza Amuri alipokuja kuchukua bahasha. Hakutaka kusema. Nikamwambia hatapata bahasha mpaka aseme. Akatazama chini, akasema, "Mama Clothilde, bwana yako anashika mukaba ya Faustin sawa mutoto anashika nguo ya mama yake. Na asubuhi, tena, jua ikiwa juu."

Nikatoa barua zako zote nikazipanga juu ya kitanda. Ya kwanza mistari imenyooka. Ya pili mistari inapanda. Katika bahasha yenyewe umeandika jina langu mara mbili, moja juu ya jingine. Nimeolewa katika nyumba hii miaka tisa, Anselme. Nimemwona Papa akianza kushika ukuta. Nimemwona akisema ni moshi, ni jua, ni usingizi. Usiniambie ni unyevu.

Unaziona hizi picha au huzioni?

Pélagie


Kilomita 212
6 Machi 1955

Pélagie,

Sizioni.

Naona herufi zako mchana, moja moja, karatasi ikiwa karibu na pua, kama mtu anayechungulia mdomo wa chupa. Picha ni ukungu. Naishika, naigeuza kwenye mwanga, naona weupe na weusi vimechanganyika kama uji. Ilianza mwaka jana. Nilikuficha kwa sababu ungenizuia nisije.

Nilikufanya macho yangu bila kukuambia, na hilo ni kosa, nalikubali. Lakini unisikilize. Hakuna aliyegundua. Msituni sihitaji macho sana. Nasikia, nanusa, naijua njia kwa miguu, na Faustin ananiongoza pale ninapokosea. Hakunicheka hata siku moja. Naandika majina nyuma ya picha kwa maneno yako, na Monsieur mwezi uliopita alinipa mkono mbele ya watu akasema hakuna kosa hata moja.

Ni miezi minne tu. Unajua ninachokitaka. Nyumba ya Mangobo si fahari. Papa ameliwa macho na wale inzi weusi pale maporomokoni. Mimi pia. Clothilde ana miaka saba na anaumwa na inzi walewale kila siku ya Mungu. Ukiniita nyumbani sasa nitakuja bila barua ya Monsieur, na tutakaa hapohapo sote, vipofu wawili na mtoto anayengoja zamu yake.

Mkono mmoja unipe. Endelea kuniandikia picha.

Anselme


Stanleyville
13 Machi 1955

Papa Clothilde,

Nilikwenda kwa daktari. Sikumtajia jina lako. Nilisema ni ndugu. Akanieleza kwa Kifaransa, kisha muuguzi akanirudilia kwa Kiswahili ili nisikosee. Alisema: kilichokwenda hakirudi. Lakini kilichobaki kinaweza kushikwa, kwa sindano, moja kila wiki kwa wiki sita, chini ya macho yake, maana dawa ni kali. Nikamuuliza kama anaweza kungoja mwezi wa saba. Akauliza anaona nini sasa. Nikasema herufi moja moja. Akasema, "Mwezi wa saba asije kwangu, aende kwa padri amwombee."

Amesema hivyo. Sijaongeza.

Rudi na kamio la wiki hii. Nyumba tutaitafuta kwa njia nyingine. Nitauza samaki, nitafua nguo za wazungu, nitamhamishia Clothilde kwa dada yangu Marie-Jeanne. Wewe unadhani unamnunulia mtoto macho kwa macho yako, lakini yeye anauliza lini baba atakuja amwone akiandika jina lake. Anajua kuliandika sasa. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu kwa magoti, na sasa hivi ninavyoandika niko kwa magoti, karatasi iko juu ya kiti.

Pélagie


Kilomita 212
27 Machi 1955

Pélagie,

Siwezi. Usiniulize tena.

Nimeisoma barua yako siku nzima, herufi kwa herufi. Daktari ni mtu, anaweza kukosea. Jicho la kulia bado lina nguvu.

Kwa dada yako kuna nyumba ya vyumba viwili na watu kumi na mmoja. Usinidanganye, na mimi sikudanganyi. Huku ni salama, hakuna la kuogopa isipokuwa siafu. Wewe nitajie picha tu. Hayo mengine tutayazungumza mwezi wa saba nikiwa na barua mkononi.

Mbusu mtoto.

Anselme


Stanleyville
10 Aprili 1955, Pasaka

Anselme,

Namba 61: Mboloko wawili. Namba 62: Kanu, pete zinaonekana. Namba 63: Paka. Madoa tumboni tu, mgongoni hakuna. Kichwa kidogo cha mviringo. Masikio nyuma meusi tii. Mkia mfupi. Namba 64: Majani.

Clothilde ana afya. Papa ana afya.

Pélagie


Kilomita 212
1 Mei 1955

Mama Clothilde,

Mkono unaoandika si wangu. Ni wa Adèle, mke wa marehemu Faustin. Amekubali kuniandikia kwa sababu hakuna mwingine hapa anayejua, na siwezi tena kuziona hata herufi zangu mwenyewe.

Faustin amekufa. Sasa nitakueleza yote, pamoja na lile nililokuficha.

Mwezi wa tatu chui alimchukua mwanamke wa kijiji cha nyuma yetu, alikuwa akiokota uyoga. Wanakijiji walisema mguu wa chui huyo una jeraha la waya wa mtego, ndiyo maana anatafuta watu. Sikukuandikia. Nilijua ungetumia hilo kuniita. Hapa kambini tukaweka sheria: njia yoyote ambayo mashine yake imepiga chui, inafungwa kwa kamba, watu wanapita njia nyingine hata kama ni ndefu. Nami ndiye niliyekuwa nafunga kamba na kufungua, kwa kuzisoma picha.

Njia ya kijito ilikuwa imefungwa tangu yule mwanamke alipochukuliwa. Mashine ya pale ikapiga picha namba 63. Nilipoipata niliandika nyuma yake: paka mwekundu. Nikafungua kamba mwenyewe Jumanne, nikawaambia watu wapite. Jumatano asubuhi Faustin alitangulia kwenda kusafisha chemchemi ili wanawake wateke maji. Tulisikia panga likianguka juu ya mawe. Hatukusikia sauti yake. Nilikimbia, nikagonga miti, nikaanguka, nikakimbia tena. Wenzangu walifika mbele yangu. Chui alikuwa amekwisha kuondoka. Faustin aliishi mpaka jua la saa sita. Aliniuliza kama Adèle yuko karibu, nikasema yuko, na alikuwa yuko, alikuwa amemshika kichwa.

Monsieur alikuja Jumamosi. Alitoa picha kwenye sanduku, akaniwekea ya 63 mkononi, akaniuliza naona nini. Nikasema paka mwekundu. Akaniuliza tena polepole. Nikasema paka mwekundu. Akairudisha picha kwenye sanduku. Kisha akaniwekea vidole mbele ya uso akaniambia nihesabu. Sikujua hata kama mkono uko juu au chini.

Amesema hataniandikia barua yoyote. Ana haki.

Nimemwambia Monsieur na nimemwambia Adèle, na sasa namwomba Adèle aliandike hili neno vizuri: kosa ni langu peke yangu. Nilikuwa nikikisia. Nilikuwa kipofu na nikawaficha watu, na mtu mwema amekufa kwa hilo. Hakuna mwingine aliyehusika. Barua zako za picha nimezichoma zote, zilikuwa mazungumzo ya mume na mke tu. Na wewe, kama una karatasi yoyote, ichome. Usiandike tena chochote juu ya picha.

Nitangoja kamio. Sijui la lini.

Anselme


Stanleyville
8 Mei 1955

Adèle,

Barua hii ni ya Anselme, lakini najua ni wewe utakayeifungua na wewe utakayemsomea. Kwa hiyo nakuandikia wewe kwanza. Nakuomba umsomee kwa sauti na usiruke neno.

Anselme hakukisia. Tangu mwezi wa kwanza, kila picha iliyofika kambini ilipitia kwangu. Mimi nilikuwa natazama, namwandikia ninachokiona, naye anaandika jina kwa maneno yangu. Picha ya 63 niliishika kwa mikono yangu miwili, hapa mlangoni, mchana kweupe, siku ya Pasaka nilipotoka kanisani. Ilikuwa chui. Madoa yalikuwa mwili mzima. Mkia ulikuwa mrefu, umepinda juu. Masikio yalikuwa na alama nyeupe. Alikuwa ameinua mguu mmoja wa mbele, kama anayeogopa kuukanyagia. Clothilde, mtoto wangu wa miaka saba, alisema, "Mama, chui."

Nikachukua kalamu nikaandika kinyume. Nilitoa maneno katika barua yangu ya mwezi wa pili, neno kwa neno, nikayaweka pale. Alikuwa amenifundisha vizuri, ndiyo maana nilijua kudanganya vizuri.

Nitakuambia kwa nini, si ili unihurumie. Daktari alikuwa amesema macho yake yanaweza kushikwa kwa sindano akija sasa. Nilimwomba, akakataa. Nikafikiri: Monsieur akiona kosa kubwa, kosa ambalo hata mtoto analiona, atajua mtu wake haoni, atamfukuza, na mume wangu atarudi kwangu akiwa na aibu na jicho moja. Nilitaka aaibike. Hilo tu nilitaka. Sikujua habari ya yule mwanamke wa uyoga. Sikujua kuna kamba. Sikujua mtu yeyote anatembea kwa kufuata karatasi yangu. Nilidhani picha ni za kuwekwa kwenye vitabu.

Lakini nilijua kwamba nadanganya, na nilijua ni chui. Baada ya kumpa Amuri ile bahasha nilikwenda sokoni nikanunua majani ya sombe, nikapika, nikala, nikalala vizuri. Mumeo alikuwa hai siku hizo zote na ningeweza kutuma neno moja kwa Amuri.

Anselme, ulipomwambia akuandikie kwamba ni wewe peke yako, nilijua kwamba umekwisha kujua. Siku ya Jumamosi, Monsieur alipouliza mara ya pili, ulijua. Ulichoma karatasi ili nibaki msafi. Nilikaa na barua yako siku tatu. Nilijaribu kukubali. Clothilde aliniuliza kwa nini sisemi naye. Jana nilimwona mwanamke akipita na mtungi kichwani, nikafikiri ni Adèle, ingawa sijawahi kumwona, nikageuka nikarudi nyumbani kwa njia nyingine.

Siwezi kukuacha ukae mezani na mwanamke huyo, anakupikia na kukuandikia, akidhani anajua nani alimuua mumewe.

Adèle, nitakuja kama utataka nije. Nitasimama mbele ya Monsieur, au mbele ya ndugu zako, au mbele ya Administrateur wa serikali. Ukiamua mtu wa kutumwa kunichukua, sitakimbia. Niko kwa Wagenia, nyumba ya mzee Basile, kila mtu anaijua.

Pélagie


Kilomita 212
15 Mei 1955

Kwa Pélagie,

Nimesoma barua yako kwa sauti kama ulivyotaka. Nilipofika pale unaposema chui aliinua mguu, niliiweka chini nikatoka nje. Kulikuwa na mihogo nimeanika, nikaigeuza yote, upande mmoja, kisha upande wa pili. Nikarudi nikasoma mpaka mwisho. Mumeo aliniomba nisome tena kuanzia mwanzo. Nikakataa.

Nikamuuliza, "Ulijua?" Akasema, "Nilijua." Nikamuuliza, "Na bado ukaniambia niandike?" Akasema, "Nilikuambia uandike."

Utanielewa nikikuambia kwamba hilo limeniuma kuliko lako. Wewe ulidanganya ukiwa mbali, kwa watu usiowajua. Yeye alikaa mbele yangu, siku ya nane tangu nimzike Faustin, akauchukua mkono wangu mimi akautumia kuandika uongo juu ya kifo cha mume wangu. Nilimsahihisha hata herufi. Nilimuuliza, "Niandike 'peke yangu' au 'mimi mwenyewe'?" Akasema, "Peke yangu."

Nilikaa siku mbili bila kumpa chakula. Wengine walimpa. Siku ya tatu nikampa.

Administrateur simtaki. Atakuja na askari, atauliza maswali, atafunga mtu, na mimi nitaitwa mjini mara tano kueleza jinsi Faustin alivyokuwa amelala. Monsieur nimemwambia, kwa sababu ni haki yake kujua. Alikaa akatazama ile picha muda mrefu. Alisema yeye ndiye aliyemwachia mtu mmoja kamba na picha zote bila mtu wa pili kutazama. Watu wote sasa wanatafuta kipande chao cha kosa hili, kila mtu anataka kukibeba, na hakuna hata mmoja anayeweza kunirudishia mtu wangu.

Chui ameuawa Jumatatu. Mguu wa mbele ulikuwa na waya, umezama mpaka kwenye mfupa.

Mimi nakwenda kwa kaka zangu Bafwasende. Usije. Usinitumie kitu. Sijui kama siku moja nitaweza kusikia jina lako bila kuinuka na kuondoka. Ikija siku hiyo nitakuandikia mwenyewe. Isipokuja, usingoje.

Mumeo nampakia kwa Amuri Alhamisi. Atafika Stanleyville Jumamosi mchana, karibu na soko. Nimemwekea vidole mbele ya jicho la kulia, kama Monsieur alivyofanya. Kwenye jua kali aliviona vinatikisika. Basi kuna kitu kimebaki. Usimpeleke nyumbani kwanza, usimpeleke kwa baba yake, usikae naye kulia. Mpeleke kwenye sindano Jumamosi hiyohiyo. Faustin alimtembeza mtu huyu miezi mitatu msituni na hakumwacha aanguke hata mara moja. Nilimuuliza wakati ule kwa nini anajisumbua, akasema, "Ikiwa bado anaona kidogo, atembee."

Akishuka kwenye kamio atasimama wima na kugeuza uso huku na huku kama anayetazama watu. Hatazami. Ongea wewe kwanza, ajue uko upande gani.

Adèle, mjane wa Faustin